Mpaka Mshale Urudi Kwao

Saa nane za usiku, Isongole, Julai.
Ukungu ulifika zahanati kabla ya mtu yeyote.
Halafu Bibi Sekela, mjukuu mgongoni,
shuka mbili juu ya mjukuu, na juu ya shuka koti la mtu mwingine.
"Mafua tu, nesi. Ila amekataa uji."

Mafua nayajua. Mafua hayana aibu,
yanapiga chafya mbele za watu, yanachuruzika,
siku ya saba yanaaga yenyewe
hata kama hukuyafukuza.
Mkamba nao naujua: unakaza kamba kifuani,
unavuta kikohozi kutoka chini kama ndoo ya kisima,
wiki mbili, tatu, na mwenye nao
analalamika huku anapalilia viazi.
Ila mwenye mafua hakatai uji.
Anaukosoa. Anauliza sukari iko wapi.

Nikafungua shuka, na shuka, nikaweka koti kitandani.
Nikasogeza chemli.
Usimtikise, Bibi. Usimwimbie.
Nipe dakika moja tu ya huyu mtoto akiwa ametulia.

Saa yangu kioo kimepasuka,
lakini mshale mwembamba haujawahi kunidanganya.
Moja. Mbili. Tatu.
Kumi na tisa: pua zinatanuka kama za ndama.
Thelathini na moja: pale chini ya mbavu
nyama inabonyea ndani
wakati anavuta, wakati ilipaswa kuinuka.
Arobaini, na mshale haujafika kwenye tisa.

Arobaini ndiyo mpaka, kwa mtoto wa mwaka na nusu.
Ningeweza kuacha hapo.
Mwaka juzi niliishia nusu dakika, nikazidisha kwa mbili,
nikampa mtoto wa Ambokile dawa ya kikohozi,
ile nyekundu, tamu.
Sisemi zaidi ya hapo.
Nahesabu mpaka mshale urudi kwao.

Sitini na moja.

Nikapasha kipimo moto kiganjani, nikakiweka mgongoni,
chini ya bega la kulia:
buti linakanyaga sakitu asubuhi,
hatua fupi fupi, kila anapovuta.
Nimonia. Kichomi, kama asemavyo bibi yake,
na alilijua neno hilo tangu nyumbani,
alikuwa analiogopa tu kulitaja njiani.

Sindano ya kwanza. Barua ya rufaa.
Simu kwa Gwakisa, aamke, awashe pikipiki,
Tukuyu, taratibu, ukungu huu.

Ndipo Bibi akakohoa.
Mara moja, ndani ya kanga, kwa adabu,
kama mtu aliyechelewa ibada.
Nikagundua amekuwa akikohoa tangu aingie
na masikio yangu yote yalikuwa kwa mtoto.

Kimeanza lini hicho?
"Hiki? Hiki cha moshi wa jikoni."
Lini, Bibi?
"Tulikuwa tunavuna mahindi."
Jasho la usiku?
"Uzee, mwanangu."
Sketi yake imebanwa kiunoni kwa pini mbili,
na tundu za pini ya zamani zinaonekana pembeni.
Uzee hauhami pini.

Hiki hakina haraka. Hiki hakihesabiwi kwa saa,
kinahesabiwa kwa kalenda.
Nikafungua madirisha yote mawili, akanishangaa,
Julai hii?
Nikampa kikopo, nikaandika jina lake,
na barua ya pili. Mkikaa wodini, nikasema,
makohozi ya asubuhi, kabla ya chai,
yatoke ndani kabisa, siyo mate.
Akakifunga kwenye pindo la kanga, mahali pa hela.

Taa ya Gwakisa ikachoma ukungu, ikaupoteza.
Nikabaki na koti, walilisahau.
Nikamkimbilia getini: la nani hili?
"La babu yake. Alirudi nalo Chunya, machimboni."
Yeye yuko wapi?
"Tulimzika Pasaka."
Aliumwa nini?

Pikipiki ilikuwa imeshaanza kuondoka.
"Kifua," akasema. "Kifua tu."