Hewa Ndani ya Breki

Theluji imeziba mlango wa gereji hadi kwenye komeo.
Niko chini ya gari, mgongo juu ya kipande cha zulia
kilichokuwa sebuleni kwa mama.
Huko nje Saskatchewan imefika nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
humu ndani hita ya mafuta inakohoa kama mvutaji.

Pikapu ya mwaka hamsini na mbili. Kijani, pale kutu iliposahau.
Tangu Oktoba nimeiachisha volti sita
kama mtoto aachishwavyo ziwa,
sasa inakula kumi na mbili.
Nimebadili balbu, koili, mota ya waipa
zilizozoea kutembea kama mzee aliyetumwa asikotaka.
Leo zinakimbia. Zinanichekesha.

Jirani yangu Fergus, mpenda vya asili,
alichungulia nyaya mpya akatikisa kichwa:
"Umeiua thamani, Lesia."
Thamani!
Nimeendesha basi la shule miaka thelathini na mmoja.
Ninachojua kuhusu gari ni kwamba lazima lisimame.

Hili halikusimama.
Agosti ya sabini na nne, mteremko wa kwenda bwawani,
kaka yangu Metro kwenye usukani,
mimi kando, kopo la krimu katikati ya magoti.
Goti la kulia hadi leo hunitabiria mvua.
Yeye akasema breki zilikuwa nzima,
Lesia ndiye aliyevuta usukani.
Mimi nikasema nilivyosema.
Baba akaikokota kwa trekta, akaiegesha nyuma ya ghala la ngano,
akaifunika turubai,
nasi tukaendelea kupitishiana chumvi mezani
bila kutazamana,
miaka hamsini.

Jumanne nilifungua gurudumu la mbele kushoto.
Viatu vya breki ni viwili, kimoja kifupi, kimoja kirefu.
Kifupi hukaa mbele, kirefu nyuma,
hata mwanagenzi wa wiki moja anajua.
Hivi vilikuwa vimegeuzwa.
Boliti zimekazwa barabara, springi zimepangwa
kwa uangalifu wa mtu mmoja tu niliyemjua,
aliyeandika tarehe ya kila kazi kwa rangi nyeupe:
mbili Agosti.
Mwandiko wa baba. Saba yake yenye mkanda kiunoni.

Niliketi sakafuni hadi chai ikapoa.

Sikuvitupa. Niliviweka juu ya meza ya kazi
kama nilivyovikuta, na bamba lake.
Nikafunga diski mpya, mabomba mapya,
kisha nikapiga simu,
kwa kuwa kutoa hewa ndani ya breki ni kazi ya watu wawili
na Fergus amekwenda kuota jua kusini.

Metro amekuja. Nyonga zake hazimruhusu kulala chini.
Kutoka hapa naona buti zake tu.
Zimesimama mbele ya meza ya kazi.
Bado zimesimama.
Nasikia kitambaa kikifuta kitu, polepole,
kikirudia palepale.
Kisha mlango wa gari. Kisha kiti kikilalamika kwa uzito wake.

"Bonyeza," nasema.
Anabonyeza.
"Shikilia."
Nafungua nati robo mzunguko. Mafuta yanatema mapovu
kwenye chupa iliyokuwa ya haradali.
"Achia."

Gurudumu la mbali kwanza, ndiyo kanuni:
nyuma kulia, nyuma kushoto,
ndipo uje mbele.
Hatusemi lingine. Maneno matatu, mara arobaini labda,
na buti lake likigonga sakafu ya gari juu ya kichwa changu.

"Ipo bado?"
"Kidogo. Bonyeza tena."

Tumefika mbele kushoto. Povu moja, dogo kama punje ya mtama.
Halafu mafuta matupu, safi.

"Imekuwa ngumu," anasema kutoka juu, taratibu,
kama anayesoma barua. "Haishuki tena."

Nakaza nati.
Sitoki chini ya gari mara moja.
Naye hashuki.