Daftari la Kundi la Saba

Kanisa letu la Chuno lina viti elfu moja na mia nane,
vya plastiki, vya bluu, kila kimoja na namba mgongoni
kwa rangi nyeupe na mkono wa shemasi Nandonde.
Mwaka ule, katika kila vinne tulitoa vitatu,
tukavirundika nyuma ya jenereta.

Mimi nikapewa daftari la kontua na vocha ya elfu mbili kwa wiki.
"Kundi la Saba ni lako," mchungaji alisema.
"Kaya ishirini na tatu.
Kila jioni wapigie. Usihubiri. Uliza."

Nikauliza. Umekula? Umelala? Kifua?
Mama Fabiola: mzima, unga umekwisha.
Mzee Chilumba: mzima, hela ya korosho haijaingia.
Kanisia: mzima, anataka mafuta ya upako, barakoa hataki.
Jumamosi nilipita na pikipiki ya idara ya wanawake,
unga kilo tano, mche wa sabuni,
naweka kizingitini, narudi nyuma hatua nne,
napiga hodi kama mtu aliyekosea nyumba.

Sisi ni watu wa kuwekeana mikono,
wa jasho la jirani kwenye shavu lako wakati wa sifa.
Hatukufundishwa kupendana kwa mbali.
Nilinyoosha kiganja hewani
kuelekea kipaji cha mtoto mwenye homa;
kati yetu palikuwa na kuku, na ndoo yenye koki.
Nikaomba.
Sijui maombi yanafika hatua ngapi.

Longino Likumbage alijibu vilevile kila jioni:
"Mzima, mtumishi. Mzima kabisa."
Nikaandika: mzima.
Mwaka juzi alisimama madhabahuni, akashuhudia
jinsi pumu ilivyomwacha; tulipiga makofi
hata bati likaitika.
Mtu aliyeshangiliwa hivyo, atakohoaje?
Alikoholea kwenye mto.
Mkewe aliniambia baadaye,
baada ya Ligula, baada ya mtungi wa oksijeni
tuliouchangia kwa simu saa nane za usiku,
huyu elfu tano, yule elfu tatu, mwingine mia saba,
mtungi uliofika umejaa
ukarudi umejaa.

Hospitali waliandika: changamoto ya upumuaji.
Daftari langu, siku tisa mfululizo:
mzima, mzima, mzima,
mwandiko mzuri, wino haukuyumba popote.

Nikambebea mchungaji daftari lake. Nilitaka kulirudisha.
Nilimkuta uani chini ya blanketi, anajifukiza,
mchaichai na majani ya mwarobaini,
akatoka na macho mekundu, sikujua ni ya mvuke au ya nini.
Alisoma ukurasa wa Longino. Akausoma tena.
Hakunitia moyo. Hakutaja aya.
Aliomba kalamu,
akafungua ukurasa mtupu, akaandika jina lake,
*kaya ya ishirini na nne*,
na pembeni, kwa herufi za mtu anayetetemeka:
*kifua kinabana tangu Jumanne.
Sijamwambia mtu.*

Jioni ile niliwapigia wote upya.
Niliwasomea mstari ule kama ulivyo; yeye ndiye aliyeniruhusu.
Mama Fabiola alinyamaza, kisha akasema, mgongo.
Mzee Chilumba akasema, usiku, nikilala chali.
Vocha iliniishia kwa Kanisia,
katikati ya kikohozi chake cha kwanza cha kweli.

Nikatafuta kandambili zangu gizani.