Mikono Mitupu

Presha kumi na nane kwa kumi na moja.
Muuguzi Cibalonza alifungua kile kitambaa cha kipimo
kama anayeshusha mzigo wa mtu mwingine,
akaniangalia miguu.
“Vidonge utameza. Lakini kiti chako cha cherehani
ndicho kinachokumaliza. Panda Ciriri.
Asubuhi. Kila siku Mungu anayoileta.”

Nilicheka. Bukavu nani hapandi?
Mji huu ni ngazi tu zilizowekewa nyumba.
Ukitaka maji unapanda, ukitaka kuzika unapanda,
mvua ikipita unapanda kutafuta mahali nyumba ilipokuwa.
Mama alipanda miaka thelathini,
mkanda wa mzigo ukimkata paji la uso,
unga wa watu mgongoni,
mpaka pakabaki mfereji mdogo
ambamo nilipitisha kidole nikiwa mtoto,
nikidhani kila mama amezaliwa nao.
Leo mimi nipande bila gunia?
Bila ndoo, bila mtoto, bila sababu?

Nsimire, tunayegawana meza, nilimwambia naenda kununua uzi.

Siku ya kwanza nilifika kwenye kona ya Karhale tu,
pale wanapouza makala kwa makopo.
Moyo uligonga kama mdai.
Magoti yalinisengenya.
Kijana wa pikipiki akasimama:
“Mama, tupande?”
Nusura nimlipe.

Siku ya nne niligundua nina mapafu.
Najua ni ujinga kusema hivyo,
lakini kwa miaka nilivuta hewa kama mtu anayekopa,
kidogo kidogo, nisije nikaulizwa.
Kwenye ile njia ya udongo mwekundu
mikaratusi inanuka dawa ya kifua;
hewa ikashuka hadi chini, ikakuta chumba kimefungwa,
ikafungua.

Humo alikuwamo Ciza.

Sikumwita. Kaka yangu Ciza, na shati la milia
nililomshonea mwenyewe, kola imepinda,
shati walilonirudishia ndani ya mfuko wa plastiki.
Miaka mitatu, usiku, amenikalia kifuani
nami nahesabu mabati, nahesabu mbwa wa jirani,
nahesabu vifungo.
Pale njiani hakunikalia. Alitembea,
nyuma yangu kidogo, kama alivyozoea, akiburuta viatu.
Nikalia nikipanda. Na kulia ukipanda
si sawa na kulia umelala:
machozi yanashuka na jasho, mpita njia hajui,
hata wewe unasahau yapi ni yapi.

Kwenye mwinuko mmoja nilimkuta mwanamke
amepumzisha gunia juu ya jiwe, mkanda bado kichwani.
Akanitazama mikono.
“Unapeleka nini juu?”
“Sipeleki kitu.”
“Unaenda kuleta nini?”
“Sileti kitu.”
Akacheka hadi gunia likatikisika,
kisha akaacha. “Na nyumbani wanakuachia?”
Sikuwa na jibu. Nilishika ncha ya gunia asimame.
Ncha tu.
Siku mbili bega liliniuma,
nikawa nakumbuka ule mfereji.

Huko juu, mji umechovya vidole vyake Kivu
kama mtu anayepima maji ya kumwogesha mtoto.
Nilitafuta paa langu. Lilikuwa dogo mno
kwa lawama zote ninazolitwisha.

Jana Cibalonza amepima: kumi na nne kwa tisa.
Akapiga mstari chini yake, mara mbili.
Si muujiza. Zipo bado siku za kuhesabu vifungo.
Ila mguu wangu sasa unakanyaga pedali
kama mguu uliotoka mahali.

Jioni mama, ambaye hapandi tena,
aliniuliza huku akichambua sambaza:
“Kule mlimani, mikono unaiweka wapi?”
Nikasimama, nikamwonyesha.
Hivi, mama. Inaning'inia tu.
Akafuta vidole kwenye kitenge,
akaiachia yake pembeni ya kiti,
akakaa hivyo,
samaki wakimngoja.