Noti Chini ya Mtutu

Cha mvunguni, wanasema, sharti uiname.
Nimeinama baada ya miaka mitatu, Baba,
nikaivuta kwa mkanda wake,
ikaja na vumbi, soksi moja,
na harufu yako ya mafuta ya taa.

Kindi wa Olyokma hawana habari kwamba umekufa.
Wanashuka misonobari kama zamani,
mikia juu, wakimtukana mbwa.
Juzi nilimpata mmoja, ubavuni.
Ngozi yenye tundu ubavuni
Zinaida wa dukani huipokea kwa vidole viwili
na kuirudisha juu ya meza kama chenji mbovu.
"Innokenty aliwapiga jichoni," akasema.
Sikumjibu. Nikanunua chumvi,
na pakiti tatu za risasi, kila moja na kiwanda chake.

Nje, baridi inapasua magogo.
Ndani nimeilaza bunduki juu ya gazeti
kama mgonjwa asiyetaka kusema panapouma.
Mdeki, kitambaa. Mdeki, kitambaa.
Cha kwanza kimetoka cheusi kama kitako cha sufuria,
cha tano kijivu,
cha kumi na moja bado kina madoa,
kila risasi iliyopita humo iliacha ngozi yake njiani.
Mdomo wa mtutu nimeukagua kwa miwani ya Mama:
duara kamili, hauna pengo. Si hapo.
Skrubu za tumboni zimelegea, nimezikaza
mpaka kiganja kikasema basi.
Asubuhi, nyuma ya ghala la kuni, hatua hamsini,
kifuniko cha kopo la maziwa:
matundu matano, yametawanyika
kama vifaranga walioona kivuli cha mwewe.

Si hapo pia.

Ndipo nikakumbuka fundi wa redio,
Prokopy, yule mwenye kigugumizi,
aliyewahi kusema mtutu ni m-m-mwenye kiburi,
hautaki mti uuguse.
Nikatoa noti, ya mwisho kwenye pochi,
nikaipitisha kati ya chuma na mti.
Ikateleza, ikateleza,
ikagoma.

Nikafungua.
Humo, umekunjwa mara nne, mweusi kwa mafuta,
mkato wa kadibodi ya pakiti ya chai,
ile yenye tembo.
Tembo amebaki mkonga na jicho moja.
Na kwa penseli, mwandiko wako wa kubana:
*kulia kidogo. kidogo tena.*

Nikaketi.
Mwaka ule cheche ya shoka ilipokurukia
ulisema si kitu, ukanawa kwa theluji,
ukaanza kumimina chai pembeni ya kikombe
nasi tukacheka.
Ukaanza kuegemeza shavu upande mwingine wa mti
nasi tukadhani ni mtindo.
Peke yako, usiku, kwenye meza hii,
ulikuwa unaipinda bunduki ikufuate,
mkunjo mmoja, kisha mwingine,
ili Zinaida asihesabu,
ili Mama asijue.

Sikulia. Kulikuwa na kazi.
Nikazungusha msasa kwenye mpini wa kijiko,
nikakwangua mti pole pole,
unga wa mbao ukaanguka juu ya habari za jana,
mpaka noti ikapita kutoka mwanzo hadi mwisho
bila kushikwa na mtu.
Kisha risasi: pakiti ya kwanza inatapanya,
ya tatu inapiga juu, chini, inavyotaka.
Ya pili, ya bei ndogo, yenye wino uliofifia,
matundu matano yakafunikwa na kifungo cha koti.
Nikakijaribu kifungo mara mbili,
nikadhani nadanganywa na kifungo.

Leo Zinaida ameishika ngozi,
ameigeuza, amepuliza manyoya,
ameipeleka dirishani, ameigeuza tena.
"Tundu liko wapi?"
Nikamwachia atafute.
Mfukoni, kidole changu kilikuwa juu ya mkonga wa tembo.
"Na chai," nikasema. "Pakiti moja.
Hapana, siyo hiyo. Ile ya nyuma yake."