Dawati la Malipo

Saa tisa usiku, Moncton. Theluji imeziba kioo
nami nahesabu pesa ambazo sitazigusa.
Jina langu Odette Léger. Kazini naitwa Amber.
Kazi yangu yote ni neno moja: inasubiri.

Kuweka ni kufumba na kufumbua.
Kadi, ndiyo. Uhamisho kwa barua pepe, ndiyo.
Pochi ya simu, sarafu zisizo na sura ya mfalme,
ndiyo, ndiyo, karibu,
hatuulizi umekula nini, hatuulizi za nani.
Kutoa, hapo ndipo tunapoanza kufahamiana.
Tuma kitambulisho, mbele na nyuma.
Tuma bili ya umeme, pembe zote nne zionekane.
Tuma uso wako, umeshika karatasi yenye tarehe ya leo,
kama mateka.

Wa kumi na saba kwenye foleni ni Orest Hnatiuk,
Yorkton, Saskatchewan, dereva wa gari la kusukuma theluji.
Kwake ni saa saba;
nchi hii ni pana mno, hata usiku huifikia vipande vipande.
Dola elfu moja mia tatu na arobaini,
alizipata Jumapili, kwenye mchezo wa nyati wanaokimbia
bila kufika popote.
Ameandika: Fundi wa tanuru anakuja Alhamisi.
Anataka taslimu. Huku ni thelathini na moja chini ya sifuri,
nalala na koti.
Nikachagua jibu kutoka kisandukuni:
Asante kwa uvumilivu wako.

Gaétan, msimamizi, husema pesa ni kama jibini.
Usiikate mbichi. Siku tatu, iive.
Hasemi inaivia nani.
Kando ya neno langu kuna kitufe cha kijani,
kikubwa kuliko vyote kwenye ukurasa,
kimeandikwa Ghairi.
Subira huvuta heri, huko kwingine.
Hapa subira huvuta kidole.

Jumatatu alirudisha hamsini mezani.
Jumanne alfajiri, mia mbili.
Naiona namba ikipungua, elfu moja mia mbili tisini,
elfu moja tisini,
kama mtu anayechoma viti vyake kimoja kimoja
apate joto la kusubiria kuni.

Mama alikuwa akificha pesa za bingo
ndani ya mkebe wa unga, Bouctouche,
na kila Ijumaa mikono yake ilikuwa myeupe hadi kiwikoni.
Sijui kwa nini nalitaja hilo.

Nami nina kitufe changu. Cha kijivu, kidogo, pembeni,
cha wateja wakubwa, wale wanaopigiwa simu
siku yao ya kuzaliwa.
Lipa sasa.
Nilitazama mlango wa Gaétan. Nikabonyeza.
Sekunde sita.
Nilizihesabu kwa mdomo, kama mtoto anayengoja radi.
Siku tatu zote zile, wiki nzima kwa wengine,
hundi za posta, kiwanja cha barua na visingizio,
na kumbe umbali wenyewe ulikuwa sekunde sita.

Akaandika: Zimefika.
Kisha: Mungu akubariki, Amber.
Nikaiacha baraka hapo hapo kwenye kioo,
maana sikujua ni ya nani kati yetu wawili.

Nilikwenda kuchemsha kahawa. Nikarudi.
Jina lake lilikuwa limepanda tena,
upande ule mwingine, wa mlango usio na bawabu:
Hnatiuk, O. Kadi. Dola ishirini. Imekubaliwa.

Ishirini tu, nikasema kwa sauti,
chumba kitupu, mashine ya kahawa ikitoa mvuke.
Ishirini tu,
na nikasikia kwamba maneno hayo si yangu.