Kipande Namba Sitini na Moja

Boksi nililipata Owino, chini ya rundo la viatu visivyo na wenzake,
kifuniko kimetafunwa na panya.
Muuzaji akasema: kahesabu mwenyewe, mimi sijui kama imetimia.
Nikahesabu Bombo, juu ya kitambaa cheupe, mlango nimeufunga:
propela ilikuwa moja badala ya mbili,
na askari wanne hawakuripoti.

Mimi ni fundi wa meno ya bandia.
Mchana nachonga magego ya watu.
Usiku, kwa tupa zile zile na kibano kile kile,
nikaanza kuunda mashua ya vita,
ndefu kama mkono wangu toka kiwiko hadi ncha ya kidole.
Sentimita moja hapa ni thelathini na tano kule,
karatasi ya maelezo inasema.
Haisemi kule ni wapi.

Jidi Morjan alikwenda kule na Keya.
Akarudi na blanketi, na saa iliyosimama,
na jibu moja kwa maswali yote.
Bahari ilikuwaje, Jidi? Mlango.
Mliogopa? Mlango.
Tulidhani anataka tuufunge, tukawa tunakimbia kuufunga.
Hakuwahi kula akiwa ameuelekea.
Hata msikitini alitafuta nguzo.

Sasa nimeukata kwenye fremu yake, kipande namba sitini na moja.
Nimeutia bawaba mbili, nyembamba kama kucha za kichanga,
nikaushusha kwa kidole.

Kumbe ni ukuta wote wa mbele.
Hauna kizingiti, hauna kitasa, hakuna wa kubisha hodi.
Aliyesimama ndani anaona chuma na kipande cha mbingu,
halafu chuma hakipo.

Askari wanne niliwamimina mwenyewe
kwa plastiki ya waridi, ile ya ufizi.
Shangazi Zenabu akaacha ukili wake wa tabaga, akainama:
Hawa wamechunwa?
Bado rangi, nikamwambia.
Wanaingia wangapi?
Sitini.
Akanyamaza. Akauliza choo kiko wapi.
Nikatafuta kwenye karatasi. Hakuna.

Mmoja nilimgeuza, akaupa mlango mgongo.
Sikumwambia shangazi ni nani.
Alimtazama kwa muda, akamfuta vumbi begani
kwa ncha ya leso.

Mwisho wa karatasi kuna picha mbili na neno *au* katikati:
gundisha mlango ukiwa wazi, au gundisha ukiwa umefungwa.
Nimekaa na hilo *au* tangu Rajabu.
Gundi imekauka kwenye chupa yake.

Mashua iko juu ya kabati, karibu na ile saa.
Asubuhi nikitoka kwenda kazini naushusha, sijui kwa nini,
labda ili wapate hewa.
Na kila magharibi, shangazi akifunga madirisha mbu wasiingie,
nasikia la mwisho likigonga fremu,
kisha kimya kidogo,
kisha tiki.