Siku Mbili, Usiku Mmoja

Kwa miaka ishirini na sita nimeichora Lubumbashi ubaoni:
duara moja, nukta katikati,
na kando yake mstari mrefu uliosimama, ndiyo dohani,
na mikunjo ya chaki kichwani, ndio moshi.
Sijawahi kufika.
Kasenga si mbali. Ni njia tu haijanipitia,
au mfuko.

Mwaka jana Musonda, mtoto wa Mwepu mshona nyavu,
aliinua kidole: "Mwalimu, ule moshi unanuka namna gani?"
Nikajibu upesi, kama mtu anayefukuza nzi:
"Kama kiberiti kilichozimwa."
Watoto arobaini na wanne wakauandika uongo wangu
kwa mwandiko mzuri, wakaupigia mstari chini.

Basi naenda.
Nimepanga hivi, nyuma ya karatasi ya mahudhurio:

Jumanne. Kupanda lori la Banza saa tisa usiku,
juu ya magunia, maana mbele hukaa shemeji yake, daima.
Kufika, Mungu na matope wakiruhusu, kabla ya jua kuchwa.
Kulala Katuba kwa mpwa wangu Kalenga,
ambaye kwenye simu ameniuliza mara tatu
kama kweli ninakuja peke yangu.

Jumatano. Divisheni ya elimu, kuuliza faili langu
limelala chumba gani, na nani alilifunika.
(Hiyo ndiyo sababu niliyomwandikia mkurugenzi. Moshi sikuutaja.)
Halafu sindano za cherehani za Mama Chola, namba kumi na nne.
Halafu makumbusho. Halafu bustani ya wanyama,
nimwone simba, maana naye nimemchora.
Halafu posta, kwa kuitazama tu.
Halafu bukari na kamundele kule Kamalondo,
sahani nzima, kwa kuketi.
Halafu dohani.

Mama Chola alisoma, akanipokonya kalamu.
Akakata makumbusho. Akakata simba: "Analipiwa?"
Posta akaiacha, ni ya bure.
Pembeni ya kamundele akaandika: kijiti kimoja.
Sindano akazipigia mstari mara mbili.
Alipofika kwenye dohani akauliza, "Na hii?"
Nikamweleza. Hakucheka.
"Basi uende asubuhi," akasema, "kabla hujala, pua ikiwa tupu."

Jana Kalenga akapiga. Nikamweleza na yeye.
"Mjomba, kuna siku haitoi kitu.
Ukiikuta kimya, usishangae."
Simu ikakatika kabla sijamuuliza
kimya chake kikoje.

Nimelifikiria hilo usiku kucha.
Ikitoa moshi, nitavuta pumzi, nihesabu mpaka kumi,
niandike neno la kwanza litakalokuja,
lisiwe kiberiti, isipokuwa ni kiberiti.
Isipotoa, nitanusa ukuta.
Nitanusa vumbi la lile lundo jeusi, mlinzi akinivumilia,
na koti la mlinzi mwenyewe, akinivumilia zaidi.
Nikirudi nitawaambia watoto wafute mstari wa kwanza.
Wa pili sijui utasema nini.

Kuna jambo moja sikulipanga.
Banza anabeba samaki wakavu.
Nitalala juu yao masaa kumi na manne.
Shati jeupe nimelitia kwenye plastiki,
plastiki kwenye ndoo, ndoo nimeifunika,
lakini mimi siingii kwenye ndoo.
Kabla sijainusa Lubumbashi, itakuwa imeshaninusa,
na pale Katuba, mlangoni kwa Kalenga,
huenda mtoto fulani akaziba pua na kuinua kidole:
"Huyu ananuka nini?"

Huyo nitamjibu polepole.